Gazeti la Waliobisha Hodi

Enzi zetu, Minneapolis hii hii, mtu alikuwa anakuja tu. Hakuuliza kama upo, hakuuliza umepika nini, hakuuliza kama una nafasi. Alivaa koti lake zito, akakwangua barafu kwenye kioo cha gari, akaja. Unafungua mlango unamkuta pua imemwiva kwa baridi, unasema karibu, naye anavua viatu huku anachungulia jikoni. Leo mdogo wangu Hamisi, mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, kapata mtoto wake wa kwanza, na badala ya kunipigia simu tupige vigelegele, ananitumia mwaliko, tena kwa Kiingereza: unaweza kuja kumwona mtoto Jumamosi ya tatu kuanzia leo, kati ya saa nane na saa kumi, tafadhali thibitisha. Nithibitishe! Mimi dada yake, niliyekuwa nafua nguo zake kwenye beseni la bafuni! Nimekasirika, na kama nyie wa rika langu mnaosoma hapa hamjakasirika pamoja nami, basi mmeshageuka zamani na hamjijui.

Ngojeni niwaambie kwa nini linaniuma hivi. Hamisi mwenyewe hajui kisa chote, maana kilipoanza alikuwa na siku nne duniani.

Sisi ni watu wa Tanga. Baba alikuja Minnesota kusoma chuo, masomo yakakatika njiani kama yalivyowakatikia wengi, akaishia kulea wazee katika nyumba moja ya wazee kule Anoka. Kabla ya hapo, Dar es Salaam, kazi yake ilikuwa kusahihisha kurasa za gazeti kabla hazijachapwa, na jicho lile hakuliacha uwanja wa ndege. Alikuwa anasahihisha menyu za hoteli. Alisahihisha barua za shule yangu kwa kalamu nyekundu na kunipa nizirudishe kwa mwalimu, nikataka ardhi inimeze. Mimi na Mama tulimfuata mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa, tukakaa fleti ghorofa ya tatu, Saint Louis Park, kwenye jengo lenye ukumbi mrefu unaonuka zulia kuukuu na vitunguu vya Mama.

Ukumbi ule ndio ulikuwa uwanja wetu. Miezi ya theluji tulicheza rede humo kwa mpira wa soksi, jirani wa chini akigonga dari kwa mpini wa ufagio, nasi tunamjibu kwa visigino. Mdako tulicheza kwa vifuniko vya galoni za maziwa kwa sababu mawe yote ya nje yalikuwa yamegandiana na ardhi. Theluji ikishuka ya kutosha tunaomba maboksi ya ndizi dukani, tunayabomoa, tunateleza nayo mlimani nyuma ya shule mpaka tako linakufa ganzi. Tukirudi, Mama ametoa vitumbua. Alivikaanga kwenye kikaango cha mayai alichokipata kwenye mnada wa uani wa jirani, ile minada yao ya kuuza vyombo vilivyotumika, na mchele alikuwa akiuloweka na kuusaga yeye mwenyewe, si unga huu wa pakiti mnaoukoroga leo halafu mnaupiga picha.

Rafiki yangu katika yote hayo alikuwa Njeri, na mama yake ndiye huyu ninayetaka mumjue. Mama Njeri alikuwa Mkenya, anakaa Champlin, kule kaskazini kando ya mto, na yeye pia akifanya kazi ya kulea wazee, lakini si kwenye nyumba ya akina Baba. Alikuwa mwanamke wa sauti. Hakutumia kengele ya chini kama watu wengine, aliibonyeza ndiyo, lakini juu yake akapiga kelele, "Hodi! Hodi hapa! Mko ama mmehama?" mpaka tukamsikia dirishani. Nikimwamkia shikamoo anacheka anashika kiuno. "Wewe Rehema, hii shikamoo yenu ya Tanzania inanizeesha, niite tu auntie." Akaitikia marahaba hivyo hivyo. Halafu anakwenda moja kwa moja kufunua masufuria, na Mama anamwambia acha tabia mbaya, na yeye anasema, "Mimi nime-drive dakika arobaini kwa snow, wacha nione kama ni ya bure." Ndivyo walivyopendana.

Sasa gazeti. Kule Anoka alikuwepo bibi mmoja mzee sana, Baba akimwita Bibi Edna. Alikuwa na sanduku limejaa magazeti ya mji mdogo wa wakulima alikozaliwa, ya zamani hasa, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Macho yake yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo Baba zamu yake ikiisha mchana alikaa akamsomea. Siku za kwanza alirudi nyumbani amechanganyikiwa. Ukurasa mzima wa gazeti lile ulikuwa umejaa majina ya watu na neno moja la kila siku, call: Bibi fulani kafanya call kwa Bibi fulani Jumanne mchana, Bwana na Bibi fulani wamefanya call kwa wazazi wao Jumapili. Baba akamwuliza Bibi Edna, hivi wakulima wale walikuwa na simu nyingi kiasi hicho, na mtu akipiga simu inakuwaje habari ya gazeti? Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia simu ilikuwa moja, dukani. Neno lile maana yake mtu katoka kwake, kaja mpaka mlangoni kwako, kakaa, kanywa kahawa, kaondoka.

Ikawa ndiyo shughuli ya Baba. Akanunua daftari, akawa anaandika kila maana ya neno lile aliyokutana nayo kwenye yale magazeti, na mfano wake, na tarehe. Wakati wa kula ananipa mtihani.

"Daktari kafanya call shambani kwa mgonjwa. Kaenda au kapiga simu?"

"Kaenda, Baba."

"Mchungaji kapata call?"

"Kaitwa kanisa jingine, anahama."

"Na huyu bwana aliyepata call ya Mungu Alhamisi alfajiri?"

"Kafa."

Mama anadakia kutoka jikoni, "Na mimi nawaita mara ya tatu, chai inapoa." Tunacheka, lakini Baba hacheki sana. Kilichomkaa moyoni ni kwamba jina la mama yake Bibi Edna lilikuwa humo karibu kila wiki, nyumba yao haikukauka wageni, na sasa bibi mwenyewe amelala Anoka, watoto wake wako Saint Paul, pua na mdomo, na miezi inapita haji mtu. "Watu hawa walikuwa kama sisi," Baba alisema. "Walitembeleana mpaka gazetini. Ni kitu gani kiliwapata?" Na baada ya kutafuna kidogo akasema, "Kitatupata na sisi."

Basi akaanzisha gazeti lake. Aliliita Nani Kaja. Karatasi nne zilizokunjwa, zimepigwa kwa taipureta aliyoinunua kwenye mnada wa uani, herufi ya a ina kibyongo. Ndani hakuna siasa, hakuna mpira, hakuna mahubiri. Kuna waliotembeleana tu. Bwana na Bibi fulani wa Brooklyn Park walibisha hodi Champlin Jumamosi, wakakuta ugali umeshaliwa, wakapikiwa mwingine. Wanafunzi watatu wa chuo walibisha hodi Saint Louis Park bila soksi, wakapewa soksi. Baba alitoa fotokopi, na Jumamosi asubuhi sisi watoto tunazunguka meza, mmoja anapanga, mmoja anakunja, mmoja anapiga stepla. Njeri alikuwa na mkono wa stepla kuliko wote. Vidole vinanuka wino, redio ya kaseti inaimba, Mama anatugawia vitumbua na kutupigia kelele tusishike karatasi kwa mafuta.

Na mwandishi wa habari nilikuwa mimi. Miaka kumi na moja, penseli sikioni. Baba alikuwa na amri zake, alizisema mpaka leo nikilala nazisikia. Jina la mtu ni mwili wake, ukilikosea umemjeruhi. Habari isiyo na siku ni porojo. Na kubwa kuliko zote: usiandike aliyoyasema mgeni, andika kwamba alikuja, yatosha. Nikawa nawasubiri watu mlangoni kama askari wa forodha, hawajavua hata kofia nimeshawauliza majina kamili na siku waliyotoka kwao.

Nyie msicheke, watu walilipenda gazeti lile! Bwana mmoja wa Brooklyn Park alikuja kwetu mara tatu mwezi mmoja, hana shida yoyote, anataka jina. Mama mmoja alinuna msimu mzima wa baridi kwa sababu tuliandika kaja na mkate hali alikuja na mkate na siagi. Lilisomwa makazini, lilisomwa makanisani, lilitumwa Nairobi na Dar kwa bahasha. Hamkuhitaji mtandao kujua nani mzima na nani mgonjwa. Mtu asipoonekana matoleo mawili, watu wanatia gari moto kwenda kumtazama.

Hamisi akazaliwa mwezi wa kwanza, baridi ile ambayo mate yanaganda hewani. Mama alirudi kutoka hospitali amechoka vibaya, na hapa hakuna bibi, hakuna shangazi, hakuna mkunga wa mtaa. Kwetu mzazi anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, haguswi na kazi siku arobaini. Baba alikuwa na zamu Anoka na asipokwenda hana zamu tena. Ijumaa asubuhi akaondoka, mimi nikabaki na Mama anayelia kimya kimya na mtoto anayelia kwa sauti. Ndipo nikasikia chini dirishani, "Hodi! Mko ama mmehama?"

Hakuna aliyemwita, wallahi. Alikuja na njahi, maharage yao yale meusi wanayowapikia wazazi, aliyoyabeba kwenye sanduku kutoka Kenya na kuyaficha tangu tumbo la Mama lilipoanza kuonekana. Akaweka maji motoni. Akamkanda Mama, akamwogesha mtoto, akamlaza Mama, kisha akaja jikoni akanyanyua simu ya ukutani. Nilikuwa hapo hapo nakula. Mkono mmoja unakoroga uji, mkono mwingine kabana pua, na kwa Kiingereza cha mtu anayekaribia kukata roho akamwambia msimamizi wake kwamba homa imemlaza, hawezi kusimama, labda mpaka Jumapili. Akakohoa kikohozi kirefu cha kuaminika kabisa. Akakata simu, akanitazama, akaweka kidole mdomoni. "Rehema, hiyo ni ya wewe na mimi." Nikacheka mpaka uji ukanipalia.

Akakaa siku tatu. Mama akapata rangi. Jumapili jioni Mama Njeri akaondoka, na mimi nikachukua penseli.

Nisikilizeni vizuri hapa. Niliiweka siri yake. Sikuandika simu, sikuandika kikohozi, sikumwambia Mama wala Baba. Nilikuwa mtoto mwaminifu, na amri ilikuwa usiandike aliyoyasema mgeni, andika kwamba alikuja. Basi nikaandika kwamba alikuja. Mama Njeri wa Champlin alibisha hodi kwa Mama Rehema Ijumaa asubuhi, tarehe nikaweka, akakaa hadi Jumapili jioni, akamkanda mzazi, akapika uji na njahi, akamwogesha mtoto, na mzazi na mtoto hawajambo. Baba alilisoma akavua miwani. Akaliweka juu kabisa ukurasa wa kwanza, akaniambia ndiyo habari nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Jicho lile lililoona mkato uliopotea kwenye menyu halikuona kitu, na lingeonaje, kama aliyejua nilikuwa mimi peke yangu?

Kule kazini kwa Mama Njeri kulikuwa na mtu wetu mmoja, sitamtaja, alikuwa amekula pilau yetu si mara moja. Aliposoma toleo lile alifurahi, jamani, alifurahi! Akalibandika ukutani kwenye chumba wanachopumzikia wafanyakazi, awaonyeshe Wamarekani kwamba na sisi tuna gazeti, tena lina habari za mwenzao. Msimamizi akasimama akalitazama, akaona jina analolijua, akamwomba amtafsirie. Na yeye akamtafsiria. Neno kwa neno, na tarehe zake. Mpumbavu! Mpaka leo nikimfikiria meno yananisagika. Afadhali angekuwa adui, adui unamchukia ukapumzika. Huyu alifanya kwa fahari.

Mama Njeri akafukuzwa kazi wiki ile ile. Na haikuwa kazi tu. Nyumba ile ilikuwa imemwahidi kumsomesha uuguzi, alikuwa ameshanunua viatu vyeupe, Njeri alinionyesha. Viatu vile havikuvaliwa.

Alikuja kwetu mara moja. Hakupiga kelele chini dirishani. Alibonyeza kengele kama mtu wa posta. Mama akamwambia kaa, hakukaa, hata koti hakufungua. Alimtazama Baba, na sauti yake, ile sauti, ilikuwa ndogo. "Baba Rehema, mimi nilikuja kwako kama ndugu. Wewe ukaniweka kwa gazeti." Baba hakujua anazungumzia nini mpaka alipoelezwa, na alipoelewa akakaa chini kwenye viatu vya wageni pale mlangoni. Mama Njeri hakunitazama mimi. Alijua kabisa kwamba mimi nilijua, na hakunitaja. Mpaka anafunga mlango hakunitaja.

Na mimi sikujitaja. Haya ndiyo ninayowaambia leo kwa mara ya kwanza. Nilisimama nyuma ya Mama, nikamwacha baba yangu abebe lile jambo kama kosa lake la uhariri.

Baba alikuwa mtu wa gazeti, na gazeti likikosea linasahihisha. Usiku mmoja tu ulipita, asubuhi akakaa kwenye taipureta akapiga karatasi moja, nakala moja. Nilisimama begani kwake nikaisoma, na naikumbuka yote. Masahihisho. Toleo lililopita liliandika kwamba Mama Njeri alibisha hodi. Si kweli. Ndugu habishi hodi, anaingia kwake. Mhariri anaomba radhi. Akanichukua tukaenda naye Champlin, theluji inashuka, akasimama mlangoni pake akabisha hodi. Tuliona pazia likitikisika. Akabisha tena, na tena, mpaka ndevu zikashika barafu. Hakufungua. Baba akaingiza karatasi chini ya mlango, tukarudi nyumbani.

Nani Kaja halikutoka tena. Watu waliuliza, Baba akasema wino umekwisha. Njeri hakuletwa kwetu tena, stepla ikabaki kwenye droo. Na mkitazama vizuri, ndipo tulipoanza. Watu wakasema, loo, tuwe waangalifu, ukienda kwa mtu unaandikwa. Kwanza wakaanza kupiga simu kabla ya kuja. Ikawa adabu kupiga simu. Kisha ikawa ni ukosefu wa adabu kutopiga. Bibi Edna alikufa mwaka uliofuata, na waliomzika walikuwa wachache kuliko waliokuja kumwona Hamisi akiwa na siku saba. Baba aliendelea kusikiliza. Kila kengele ya chini ikilia ananyanyua kichwa. Miaka! Alikuwa akisema, "Atakuja tu. Mama Njeri si mtu wa kupiga simu." Mama alikuwa akimwambia mfuate wewe, mwombe tena. Anajibu kwamba ameshakwenda, zamu sasa ni ya Mama Njeri mwenyewe. Kichwa kigumu cha watu wa magazeti! Hata yeye nimemkasirikia, Mungu amrehemu.

Nyie vijana mtasema Shangazi Rehema analalamika tu, zamani kulikuwa na baridi, hakukuwa na nini. Baridi ilikuwepo, ndiyo, na tulikuja hivyo hivyo. Nyie mna magari yanayopasha viti moto, na kufika Anoka mnaomba miadi. Mna kamera mlangoni inayowaonyesha kila anayekuja, na hamumfungulii. Zamani tulikuwa hatumwoni, tunafungua. Mnaweka orodha kwenye simu ya nani anakuja kumwona mgonjwa saa ngapi, nusu saa kila mtu, kama kinyozi.

Najua habari ya hizo orodha kwa sababu niliitengeneza moja mimi mwenyewe.

Mama alikuwa ameshatangulia. Baba alikuwa kwangu, amelala chumba cha chini, figo zimechoka, anaongea kidogo. Nikasema apumzike, wageni watamchosha. Nikaandika siku na saa, nikawatumia watu, nikafunga kamera mlangoni, na nilijisifu kwa utaratibu wangu. Watu wachache walijiandikisha. Jumatano moja hakukuwa na jina kwenye orodha. Mchana, theluji inashuka, nilikuwa nambadilishia Baba shuka, simu ikalia mfukoni: kuna mtu mlangoni. Nikatazama. Mwanamke mzee, kofia ya koti imemfunika uso, kainama, kashika mfuko. Aliinua mdomo karibu na kamera akasema kitu kimoja, kwa sauti ndogo. "Hodi."

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na shuka chafu mkononi. Nikabonyeza, nikamwambia, "Mama, leo si siku ya wageni. Ukija tena, piga simu kwanza."

Akasimama kidogo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaweka mfuko chini, akaondoka polepole, akishika ukuta asiteleze.

Mfuko niliuchukua baada ya saa nzima. Ndani mlikuwa na chupa ya chai iliyojaa uji wa pilipili manga, bado wa moto, na karatasi iliyokunjwa mara nane, mikunjo imechakaa mpaka inapitisha mwanga. Herufi ya a ilikuwa na kibyongo, na neno la kwanza lilikuwa Masahihisho. Nilitoka nje na soksi. Barabarani kulikuwa na alama za matairi tu, na theluji ilikuwa inazifuta. Niliporudi chumbani Baba alikuwa ameshalala, na katika usingizi ule hakuamka tena.

Sina hasira na Hamisi peke yake, basi. Nitathibitisha, kama anavyotaka. Lakini enzi zetu tulikuwa na gazeti zima la kujibu swali moja, na mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wake, na siku ile, simu bado iko mkononi, Baba aligeuza kichwa kwenye mto akaniuliza, "Nani kaja?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu, Baba."